Malkia Nuhera Anatawala Miaka 41: Hesabu Zinakataa Wapi?

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Ninaandika riwaya ya fantasia. Malkia Nuhera wa Tamaru anapanda kitini akiwa na miaka 19, baada ya baba yake kufa. Anatawala miaka 41. Ana kipaji cha kuita mvua. Baba yake mdogo, Badri, ni waziri mkuu wake tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kuna vita vitatu. Katika vya mwisho anapeleka askari 3,000 kwenye mji ulio mwendo wa siku 30. Anapokufa, binti yake wa miaka 22 anarithi na watu wanashangilia. Ufalme una watu kama 200,000. Waliosoma rasimu wanasema malkia wangu ni kama picha ya ukutani. Nimekosea wapi?"

Tabia ya Nuhera haina tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna kinachomgharimu. Kipaji hakimchoshi, waziri hazeeki, jeshi halili, na kiti kinampokea binti kama mkeka uliotandikwa tangu jana. Ukimwongezea malkia machozi au hotuba ndefu hutaponya kitu. Hapa panatakiwa kalamu na karatasi.

Chora jedwali la mistari 41, mstari mmoja kwa kila mwaka wa utawala. Safu ya kwanza ni mwaka, ya pili umri wa malkia, ya tatu umri wa kila mtu mzito kwenye hadithi, ya nne mavuno ya mwaka huo, na ya tano: nani angekaa kitini kama malkia angekufa mwaka huu? Safu ya tano waandishi wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uhondo.

Jaza sasa. Mwaka wa 1 Nuhera ana 19. Badri mpe 40. Mwaka wa 41 Badri ana 80. Haishindikani: William Cecil alimtumikia Elizabeth I wa Uingereza tangu 1558 mpaka alipofariki 1598 akiwa na miaka 77. Lakini angalia, kufikia 1596 mwanawe Robert alikuwa ameshakabidhiwa cheo cha katibu wa malkia. Mzee habebi kazi peke yake hadi kaburini. Basi Badri abaki, ila kuanzia mwaka wa 30 hivi mpe kijana wa kumsomea barua maana macho yamekwisha, na kijana huyo ajue kila siri inayopita mezani. Wajumbe wengine waliokuwa na miaka 50 siku ya kutawazwa, wazike mmojammoja kati ya mwaka wa 10 na wa 25. Baraza la mwaka wa 35 liwe limejaa watu waliozaliwa Nuhera akiwa tayari malkia. Hao hawajui mtawala mwingine, na namna wanavyomwogopa si ile ya baba zao.

Njoo kwa binti. Nuhera anakufa na miaka 60, binti ana 22. Alimzaa akiwa na 38, yaani mwaka wa 20 wa utawala. Kwa miaka 19, basi, safu yako ya tano ilikuwa na jina gani?

Badri. Hakuna mwingine uliyetutajia.

Yaani mtu anayeshika muhuri, anayepokea barua kabla ya malkia na anayemjua mpishi wa ikulu kwa jina, ndiye huyohuyo ambaye angekuwa mfalme siku malkia akipatwa na homa kali. Hali hiyo imedumu miaka 19, na mimba ya malkia ilipoonekana, Badri akiwa na miaka 58, ikafutika. Wewe umemwandika kama mzee mwema anayetoa nasaha. Anaweza kuwa mwema kweli, sikatai, lakini wema wake lazima uwe umeshajaribiwa, na msomaji aone siku ulipojaribiwa. Hapo una sura tatu nzima bila kuongeza hata mhusika mmoja.

Tena, kwa nini miaka 19 bila mtoto? Chagua sababu na uishike. Anne wa Uingereza, aliyekufa 1714, alibeba mimba 17. Mtoto mmoja tu, William, alivuka uchanga, naye akafa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata bunge likatunga sheria mpya ya urithi. Huko ni kujaribu na kupoteza. Elizabeth I alikataa kuolewa, na kila mchumba aliyempigisha soga alikuwa ni mkataba na nchi fulani. Huko ni kutumia kiti kilicho wazi kama chambo. Sababu hizi mbili zinazaa malkia wawili tofauti kabisa. Na ukiamua Nuhera azae, usimfungie chumbani: Maria Theresa wa Austria alizaa watoto 16 kati ya 1737 na 1756, na 13 kati yao aliwazaa huku anatawala. Alirithi Oktoba 1740 akiwa na miaka 23 na mimba juu, na Desemba hiyohiyo Frederick II wa Prussia akaingia Silesia, jimbo la Maria Theresa. Baba yake alikuwa ametumia miaka tangu 1713 kukusanya ahadi za wafalme kwamba binti atatambuliwa. Ahadi zilikuwa kabatini, zimepigwa mihuri. Hazina ilikuwa karibu tupu na jeshi limechoka. Vita vilikwisha 1748, yeye akabaki na kiti na kupoteza sehemu kubwa ya Silesia. Adui anahesabu miezi ya mimba kama anavyohesabu askari.

Sheria yenyewe ya urithi wa Tamaru iandike kwa sentensi tatu, si zaidi, kisha uache tundu moja. Tundu likiwa dogo ni bora. Rwanda ilipata la aina hiyo. Mfalme wa Rwanda hakukaa kitini peke yake. Alikaa na mama yake, umugabekazi. Mwaka 1889 mfalme Rwabugiri alimteua mwanawe Rutarindwa kutawala pamoja naye, lakini mama wa kijana alikuwa ameshakufa. Rwabugiri akaziba nafasi kwa mke wake mwingine, Kanjogera, na Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, Musinga. Rwabugiri akafa 1895. Mwaka uliofuata, pale Rucunshu, Kanjogera na ndugu zake wakampindua Rutarindwa, akafia hukohuko, na Musinga akawekwa kitini, akadumu mpaka Wabelgiji walipomwondoa 1931. Hakuna aliyehitaji joka wala upanga wa kichawi. Ilitosha mama asiye mama.

Hapo kuna jambo la lugha pia. Kwa Kiswahili "malkia" ni mwanamke anayetawala na ni mke wa mfalme vilevile, na rasimu yako inawaita hivyo Nuhera, mama yake, na hata bibi yake. Msomaji anapotea. Tenga vyeo: mmoja wa mtawala, mwingine wa mama wa mtawala, mwingine wa mke. Buganda wanaye Namasole, mama wa Kabaka, na cheo hicho kilikuwa na baraza lake na ardhi yake. Na mume wa Nuhera mwite nani? Akiitwa mfalme, majemadari watamgeukia yeye kwenye vita. Asipokuwa na cheo chochote, ukoo wake utanuna. Vyovyote utakavyoamua, mtu atanuna. Mchague ni nani.

Umbo la miaka 41 nalo limenyooka mno. Mwangalie Njinga wa Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo, aliyetawala karibu muda huohuo: 1624 hadi Desemba 1663. Alianza akiwa ameshapita miaka 40. Miaka miwili tu baadaye Wareno walikuwa na mtu wao, Ngola Hari, wanayemtaka kitini Ndongo. Akafukuzwa kwenye visiwa vyake vya mto Kwanza, akahama, na mwanzoni mwa miaka ya 1630 akaitwaa Matamba, akapata makao mapya. Waholanzi walipoiteka Luanda, mji wa Wareno, 1641 akashirikiana nao. Walipotolewa 1648 akabaki peke yake. 1656 akafanya amani na Wareno, wakamrudishia mdogo wake Kambu, waliyemshikilia tangu 1646. Kambu ndiye aliyemrithi. Ukiyaweka hayo kwenye jedwali utaona vipindi vinne au vitano, na kila kimoja kina adui wake, rafiki wake na mji wake. Nuhera ana kipindi kimoja kirefu chenye vita vitatu vilivyobandikwa juu. Mpe angalau mwaka mmoja ambao hana mji mkuu.

Njinga anakufunza pia namna ya kuandika heshima bila kuitaja. Mwaka 1622, akiwa bado mjumbe wa kaka yake, alifika Luanda mbele ya gavana Mreno. Gavana alikuwa na kiti. Yeye aliwekewa mkeka chini. Njinga akamwashiria mtumishi wake apige magoti na mikono chini, akaketi juu ya mgongo wake, mazungumzo yakaanza. Sura nzima ya kusifu fahari ya malkia haifikii mgongo huo mmoja.

Sasa jeshi, na hapa rasimu yako inavunjika kabisa.

Askari mmoja anakula kama kilo moja ya nafaka kwa siku. Mpagazi naye vivyo hivyo. Mzigo wa mpagazi wa safari za bara ulikuwa karibu frasila mbili, tuseme kilo 32. Safari yako ni siku 30. Mpagazi anayebeba kilo 32 anakula 30 njiani, anafika na kilo 2 za kumpa askari. Askari 3,000 kwa siku 30 wanahitaji kilo 90,000. Gawanya kwa 2: wapagazi 45,000. Ufalme wako una watu 200,000, yaani kaya 40,000 za watu watano watano. Umetoa zaidi ya mtu mmoja kila nyumba, mashamba yamebaki na bibi na watoto, na jeshi limefika likiwa halina hata punje ya siku ya 31, sembuse ya kuzingira mji au ya kurudi. Hata kila askari akijibebea kilo 10 zake, bado unahitaji wapagazi 30,000.

Punguza mwendo uwe siku 20: mpagazi anabaki na kilo 12, wanahitajika 5,000. Siku 10: anabaki na 22, wanatosha kama 1,400. Unaona jinsi hesabu inavyopaa. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa siku, siku 10 ni kilomita 180, na huo ndio mpaka halisi wa nguvu za malkia kwa miguu, bila kujali ana majemadari hodari kiasi gani.

Ukitaka siku 30 zibaki, zipo njia. Punda hubeba zaidi ya mtu na hula majani, ila kama kuna mbung'o njiani hawafiki. Maghala ya njiani yanafanya kazi kama yalijazwa mwaka uliotangulia, na hapo jasusi yeyote anayeona ghala jipya linajengwa anajua vita vinakuja. Kula vya wenyeji njiani kunawezekana mara moja, wakati wa mavuno; kurudi kwa njia ileile ni njaa. Njia bora ni maji. Majahazi mawili ya tani 60 kila moja, yenye mabaharia 20 kila moja, yanabeba zile kilo 90,000 na nafasi ya chakula cha mabaharia inabaki. Mabaharia wote kwa mwezi wanakula kilo 1,200 tu. Majahazi mawili dhidi ya watu 45,000! Ndiyo maana malkia wa pwani akiwa na bandari hahitaji kushika mkuki. Fatuma wa Unguja alikuwa upande wa Wareno walipozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, Mombasa, tangu Machi 1696, na msaada wake ulikuwa chakula kilichovushwa kwa maji. Ngome ilianguka Desemba 1698, na Waomani wakamchukua Fatuma hadi Muscat. Ila ukichagua majahazi, umechagua pia upepo. Waliokwenda na kusi wanangoja kaskazi kurudi, na malkia mwenye jeshi ng'ambo kwa miezi hiyo ana ikulu tupu.

Kodi nitaipitia haraka, lakini usiiache. Tuseme kaya inavuna mtama kilo 1,250. Watu watano kwa kilo 200 kila mmoja ni 1,000. Mbegu, panya na fukusi 125. Zinabaki 125, ambazo ni sehemu ya kumi kamili. Malkia akitoza moja ya kumi, amechukua kila kilichobaki, amepata tani 5,000, na kaya hazina akiba. Mavuno yakishuka kwa tano moja tu, mtozaji anakuta familia inayochagua kati ya kodi na kula. Kwenye riwaya yenyewe usiandike kilo; andika pishi na vibaba, pishi moja vibaba vinne, karibu kilo 2.7. Mtozaji anayekuja na kibaba chenye kina zaidi ya kile cha sokoni ni mhusika tayari.

Mvua sasa. Kipaji kinachotoa bure kinaua hadithi, kwa hiyo ninapendekeza kanuni moja: mvua ya Nuhera haizaliwi, inahamishwa. Ikinyesha Tamaru, imekauka kwingine. Papo hapo vita vya tatu vimepata sababu. Ule mji wa siku 30 si mbaya wa kuzaliwa. Umekaa miaka mingi na visima vikavu na umejua kwa nini.

Kisha fuata kilimo. Mtama unataka maji wakati wa kuota, wakati wa kukua, na hasa unapotoa mashuke. Ukishakomaa unataka jua, la sivyo unashika ukungu shambani. Mvua moja kubwa ya kishujaa haifai kitu, inasomba miche. Nuhera anapaswa kuita mvua ya wastani mara 6 au 8 kwa msimu, kwa mpangilio, akiwa mahali pake. Kwa hiyo hawezi kuwa vitani msimu wa mvua. Akienda, anarudi kwenye ghala tupu. Asipokwenda, majemadari wanashinda bila yeye na sifa ni zao. Mwaka gani alikwenda? Weka alama kwenye jedwali, safu ya mavuno, kisha uone kodi ya mwaka unaofuata.

Balobedu wa Limpopo, Afrika Kusini, wana malkia wa mvua, Modjadji, kizazi hadi kizazi tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Jifunze kwao mambo mawili. Kwanza, nguvu yake ilikaa kwenye kutoonekana: malkia aliishi amejitenga, na wakuu wa mbali walimletea zawadi, wakiwemo mabinti waliokuwa "wake" zake na kumfunga kwa undugu na koo zao. Nuhera anayesimama uwanjani akinyoosha mikono mbele ya umati amejishusha bei. Pili, kipaji cha ukoo ni mateka wa umri. Makobo, Modjadji wa sita, alikufa 2005 akiwa bado kijana, na bintiye bado mchanga. Ikabidi kuwe na msimamizi wa kiti, na baadaye yakazuka mabishano kama akae binti au kaka yake. Binti wa Nuhera je, anaita mvua? Hukusema. Kama hawezi, nani anajua?

Na kama unataka kuonyesha nguvu ya maji bila uchawi wowote, mkumbuke Liyongo anayekata roho akiwa amepiga magoti kisimani, upinde umevutwa, na mji mzima unashinda na kiu kwa kumwogopa maiti.

Mavazi, siwa na ngoma vipo vizuri kwenye rasimu, viache.

Sura ya mwisho iandike upya kuanzia saa aliyokata roho. Henry I wa Uingereza aliwaapisha wakuu wake 1127 kwamba binti yake Matilda atarithi. Alikufa Normandy tarehe 1 Desemba 1135. Matilda alikuwa mbali na London, tena ana mimba. Stephen, mtoto wa dada wa marehemu, aliyekuwa mmoja wa walioapa, akavuka bahari upesi, akapokelewa London, akaenda Winchester ambako hazina ilikuwepo na ndugu yake alikuwa askofu. Tarehe 22 Desemba alikuwa ameshavikwa taji. Matilda akapigania haki yake miaka mingi bila kuvikwa taji. Mwanawe ndiye aliyekuja kuwa mfalme 1154.

Kwa hiyo: Nuhera amekufa alfajiri. Nani alikuwa chumbani? Binti yuko wapi, na habari itamfikia baada ya siku ngapi kwa mwendo wa mjumbe wa Tamaru? Nani ana funguo za ghala, na walinzi wa ghala walilipwa lini mara ya mwisho? Badri ameshavuka miaka 80, haoni, na kwa miaka 19 alikuwa jina pekee kwenye safu ya tano. Yule kijana anayemsomea barua ndiye wa kwanza kuamshwa. Andika saa 48 hizo kwanza, mtu kwa mtu na mlango kwa mlango, halafu rudi mwaka wa 1 umpe kila mmoja wao sababu ya kusimama pale alipokutwa.